Laptopu isiyosikika wala kuonyesha: kutafuta chanzo cha hitilafu za maikrofoni, spika na kamera

Maikrofoni, spika na kamera zilizomo ndani ya laptopu huharibika mara chache kuliko wengi wanavyodhani. Mtu hubeba mashine yake hadi kwa mafundi wa Luthuli Avenue au River Road jijini Nairobi akiamini kwamba maikrofoni imekufa, kumbe kifaa ni kizima: kimezimwa kwa kitufe ambacho mwenyewe hakujua kama kipo, kimenyimwa ruhusa na mfumo, kimeshikwa na programu nyingine, au sauti imeelekezwa kwenye kifaa kilicho chumba cha pili. Hata hivyo hasara inayotokana na makosa hayo madogo ni ya kweli. Tangu mwaka 2020, mahakama zilipoanza kusikiliza kesi kwa njia ya video na vyuo vikahamishia masomo mtandaoni, mtu anaweza kukosa kazi kwa sababu jopo la mahojiano halikumsikia, au kesi yake ikaahirishwa kwa sababu wakili wake alionekana akisema bila sauti. Anayejua kufuatilia hitilafu kwa utaratibu huokoa muda wake na pesa zake, na yale yanayofuata yamepangwa kwa dalili, ili msomaji aende moja kwa moja kwenye ile inayomsumbua.

Jaribio linalotangulia yote

Anza nje ya mkutano. Funga Zoom, Google Meet, Microsoft Teams na kivinjari chako, kisha fungua programu ya kamera na ile ya kurekodi sauti zinazokuja na Windows yenyewe. Kwenye MacBook tumia Photo Booth kwa picha na QuickTime Player kwa sauti. Jirekodi ukisoma sentensi mbili tatu kwa sauti yako ya kawaida, halafu usikilize. Kwa upande wa spika, cheza wimbo au video iliyohifadhiwa ndani ya laptopu, wala usitegemee intaneti, kwa kuwa bando likiisha katikati ya jaribio hutajua kama kilichonyamaza ni spika au ni mtandao.

Jaribio hili huyagawa matatizo yote mafungu mawili. Picha na sauti zikitoka vizuri hapa, mashine ni nzima, na chanzo kiko kwenye kivinjari, kwenye programu ya mkutano au kwenye mtandao. Zisipotoka, chanzo kiko chini zaidi: swichi, BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows), draiva (programu ndogo inayouwezesha mfumo kukitumia kifaa), ruhusa za mfumo, au kifaa chenyewe. Anayeruka hatua hii anaweza kumaliza saa nzima akibadilisha mipangilio ya Zoom ilhali kamera imefunikwa, au akiweka draiva upya ilhali kosa ni ruhusa ya kivinjari.

Jambo la pili ni kuwasha mashine upya, na hapa watu wengi hukosea bila kujua. Kwenye Windows 10 na Windows 11, mpangilio wa kuanza kwa haraka ukiwa umewashwa, kuizima laptopu hakufuti kila kitu, kwa sababu kiini cha mfumo pamoja na draiva huhifadhiwa kwenye diski na kurejeshwa vilivyokuwa. Draiva ya sauti iliyokwama jana jioni inaweza basi kuamka leo asubuhi ikiwa bado imekwama. Chagua kuwasha upya badala ya kuzima, na mfumo utapakia kila kitu tangu mwanzo.

Wenzako hawakusikii kabisa

Hii ndiyo dalili yenye vyanzo vingi zaidi, na inafaa kufuatwa kuanzia kwenye kibodi. Laptopu za kiofisi, ambazo ndizo zinazouzwa kwa wingi katikati ya jiji kwa jina la ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, huwa na kitufe cha kunyamazisha maikrofoni peke yake. Kwenye ThinkPad nyingi ni F4, na kwenye HP EliteBook nyingi ni F8. Kitufe hicho huwa na taa ndogo kandokando yake au juu yake, nayo humchanganya mgeni, kwa sababu taa ikiwaka haimaanishi kwamba maikrofoni inafanya kazi. Inamaanisha kwamba imenyamazishwa. Mtoto akigusa kibodi, au kitambaa cha kupangusa vumbi kikipita hapo, taa huwaka na mwenye laptopu haoni lolote jingine lililobadilika.

Taa ikiwa imezimika na bado husikiki, angalia ni maikrofoni ipi ambayo mfumo umeichagua. Chukua mfano wa wakili anayesubiri kesi yake itajwe. Asubuhi alizungumza na mteja kwa iafoni za Bluetooth akiwa kwenye matatu, sasa ameziweka mfukoni, lakini hazikuzimika na bado zimeungana na laptopu. Uso wake unaonekana, jina lake linaonekana, alama ya maikrofoni haina mstari mwekundu, na bado karani anamwambia hasikiki, kwa sababu sauti inachukuliwa kutoka mfukoni mwa koti. Dawa yake ni kubonyeza mshale mdogo ulio kando ya alama ya maikrofoni ndani ya programu ya mkutano, ambao hufungua orodha ya vifaa vyote, kisha kuchagua maikrofoni ya laptopu kwa jina lake, tuseme lenye neno Realtek. Usiache chaguo la kifaa cha kawaida cha mfumo, maana hilo hubadilika kila kifaa kipya kinapounganishwa.

Chanzo cha tatu ni ruhusa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, uingie sehemu ya faragha na usalama, kisha sehemu ya maikrofoni. Utakuta swichi ya jumla inayohusu kompyuta nzima, swichi ya programu zilizotoka kwenye duka la Microsoft pamoja na orodha yake, na mwisho kabisa, baada ya kuteremka hadi chini ya ukurasa, swichi moja ya programu za kawaida za kompyuta. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosimamia Chrome na nyingi nyingine zilizowekwa kutoka nje ya duka hilo, na ndiyo inayopitwa mara nyingi, kwa kuwa mtu huona swichi mbili za juu zimewashwa na kuridhika. Kamera ina ukurasa wake uliopangwa vivyo hivyo. Kwenye kompyuta za Apple, ruhusa hizi zilianza na macOS Mojave ya mwaka 2018. Huko kila programu hupewa ruhusa peke yake, na programu iliyokuwa wazi wakati wa kupewa ruhusa inapaswa kufungwa kabisa na kufunguliwa tena.

Kama unatumia kivinjari, kuna mlango mwingine wa ruhusa juu ya ule wa mfumo. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti, uone kama tovuti hiyo imeruhusiwa kutumia maikrofoni na kamera, ubadilishe, kisha upakie ukurasa upya. Siku ya kwanza kivinjari kilipouliza, huenda ulibonyeza kukataa kwa haraka, nacho kimelishika jibu hilo tangu siku ile. Ukurasa wenye anwani isiyoanza na https hautapewa maikrofoni wala kamera hata ukiuruhusu.

Ruhusa zikiwa sawa, pima nguvu ya sauti. Katika mipangilio ya sauti ya Windows kuna mstari unaopanda na kushuka unapozungumza mbele ya maikrofoni. Zungumza huku ukiutazama. Mstari ukiruka, sauti inaingia kwenye mfumo na tatizo liko juu yake, yaani kwenye kivinjari au programu. Ukitikisika kidogo tu, ongeza kiwango cha kuingiza sauti hadi asilimia 80 au zaidi. Ukilala kimya kabisa hata unapogonga kwa kidole karibu na kitundu cha maikrofoni, rudi kwenye kitufe, draiva au kifaa chenyewe. Katika hatua zote za maikrofoni, naiamini hii kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa inaonyesha kwa macho mahali ambapo sauti inakatikia.

Usisahau pia waya. Plagi ya milimita 3.5 yenye pete tatu nyeusi hubeba sauti ya kusikiliza na maikrofoni. Yenye pete mbili ni ya kusikiliza tu. Mtu anayechomeka hedifoni za pete mbili huenda akaona laptopu imeacha maikrofoni yake ya ndani na kutafuta ile ya kwenye waya, ambayo haipo. Baadhi ya laptopu huuliza ni kifaa cha aina gani kilichochomekwa. Dirisha hilo lisifungwe kwa haraka, kwa sababu jibu lako ndilo linaloamua maikrofoni ipi itatumika.

Na ndani ya Zoom kuna kosa jingine ambalo si la mashine hata kidogo: mtu ameingia mkutanoni bila kujiunga na sauti. Badala ya maikrofoni, kona ya chini kushoto inaonyesha alama ya hedifoni. Ibonyeze, ukubali kutumia sauti ya kompyuta.

Wanakusikia, lakini vibaya

Mwangwi husikika na wengine, si na yule anayeusababisha, na ndiyo maana mabishano ya mkutanoni kuhusu mwangwi huwa marefu. Sauti ya wenzako hutoka kwenye spika zako, huingia tena kwenye maikrofoni yako, nao hujisikia wakirudi. Programu za mikutano huwa na uwezo wa kuondoa marudio hayo, lakini uwezo huo huzidiwa spika zikiwa juu mno au watu wawili wakiingia mkutano mmoja kwa laptopu mbili katika chumba kimoja. Chumba kimoja kitumie maikrofoni moja na spika moja. Huyo wa pili anyamazishe vyote viwili. Hedifoni, hata za bei nafuu kabisa, huumaliza mwangwi papo hapo.

Sauti ya kufifia, ya mtu aliye mbali au ndani ya pipa, ina vyanzo kadhaa. Kwanza tafuta kilipo kitundu cha maikrofoni, ambacho kwenye laptopu nyingi kiko kando ya kamera, mara nyingi viwili, kimoja kila upande, ingawa nyingine zimekiweka juu ya kibodi au ukingoni. Vitundu hivyo ni vidogo kama ncha ya kalamu, na watu huvifunika kwa stika, kwa plastiki ya kulinda skrini, au kwa kile kifuniko cha kamera kilichonunuliwa barabarani. Toa kilichofunika, pangusa kwa brashi laini na kavu, wala usichokore kwa sindano, kwa maana utando wa maikrofoni uko karibu sana na utatoboka. Pili, programu ya kupunguza kelele inaweza kuwa kali kupita kiasi. Ikidhani kwamba sauti yako ni kelele hukata mwanzo wa kila neno. Ishushe ngazi moja ndani ya programu ya mkutano, au uzime maboresho ya sauti katika mipangilio ya kifaa.

Iafoni za Bluetooth zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu lawama nyingi za laptopu hutoka kwazo. Unaposikiliza muziki tu, Bluetooth ya kawaida hutumia njia inayobeba sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Pindi programu inapoomba maikrofoni ya iafoni hizo, mawasiliano yote huhamia njia ya simu, ambayo hubeba sampuli 8,000 au 16,000 tu, na kila kitu, pamoja na unachokisikia, huwa kama redio ya mawimbi ya kati. Hakuna kilichoharibika. Ukichagua maikrofoni ya laptopu kwa kuzungumza na kuacha iafoni kwa kusikiliza pekee, usafi wa sauti unarudi.

Mvumo wa chini usiokoma huja mara nyingi kutoka kwa umeme. Chomoa chaja, uendelee kwa betri, urekodi tena. Mvumo ukitoweka, tatizo liko kwenye chaja, ekstensheni au soketi. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, na soketi zetu zina matundu matatu kwa sababu lile la tatu ni la waya wa ardhi, ule wenye rangi ya kijani na manjano. Ekstensheni isiyo na waya huo ndani yake, au kibadilisha plagi cha matundu mawili, huiacha chaja ya pini tatu bila ardhi, na mvumo hupenya hadi kwenye rekodi. Kwa mkutano muhimu, jaza betri mapema kisha uchomoe.

Kuna na kelele za mahali penyewe. Mvua ikianza kunyesha juu ya mabati, hakuna mpangilio wa programu utakaokusaidia kikamilifu, kwa sababu kelele yake imeenea sauti zote, nyembamba kwa nene. Sogeza maikrofoni karibu na mdomo, yaani tumia iafoni za waya badala ya maikrofoni ya laptopu iliyo nusu mita kutoka kwako. Anayeishi kando ya stegi atafanya vivyo hivyo kwa honi za matatu, na akipata chumba chenye pazia, godoro na nguo zilizotundikwa, akichague, kwa kuwa sebule yenye sakafu ya vigae na kuta tupu hurudisha kila sauti.

Wewe ndiye usiyesikia

Bonyeza alama ya spika iliyo chini kulia na usome jina la kifaa kinachotoa sauti. Kama laptopu imeunganishwa na televisheni au projekta kwa HDMI, sauti hufuata waya huo, na televisheni ikiwa imepunguzwa hadi sifuri utadhani spika za laptopu zimekufa. Badilisha kifaa hapo hapo. Kama sauti inatoka kwenye muziki lakini si kwenye mkutano, fungua kichanganyaji cha sauti, mahali ambapo kila programu ina kiwango chake, uone kama kivinjari kimeshushwa chini.

Sauti ya muziki au ya video ikishuka ghafla kila mkutano unapoanza, hiyo ni tabia ya Windows yenyewe. Mfumo ukitambua mawasiliano hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80, isipokuwa uwe umeambiwa usifanye hivyo. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, fungua ukurasa wa mawasiliano na uchague chaguo la mwisho, la kutofanya lolote.

Alama ya spika ikiwa na msalaba mwekundu, huenda huduma ya sauti ya mfumo imesimama, au draiva haipo. Na laptopu ikisisitiza kwamba hedifoni zimechomekwa ilhali hazipo, ingiza na utoe plagi mara kadhaa, kwa sababu swichi ndogo iliyo ndani ya tundu imekwama au imejaa vumbi.

Kamera haipo kabisa

Itazame taa iliyo kando ya kamera unapofungua programu yake, maana taa hiyo ni shahidi mzuri. Ikiwaka huku picha ikiwa nyeusi, kamera inafanya kazi na kitu kimeifunika. Isipowaka, ombi lako halijaifikia kamera, na utafutaji uelekee kwenye swichi, ruhusa, draiva au BIOS.

Kinachofunika kwa kawaida ni kipazia kidogo cha kutelezesha kwa ukucha, ambacho kwenye ThinkPad nyingi huonyesha alama nyekundu kikiwa kimefungwa. Kipazia cha aina hii hakizimi kamera, huiziba tu. Zipo laptopu nyingine, zikiwemo baadhi za Lenovo na HP, zenye swichi ya ubavuni inayokata kamera kwa umeme, na hizo zikizimwa kamera hutoweka kwenye orodha ya vifaa kana kwamba haikuwahi kuwekwa. Mtu anayesoma ujumbe wa kosa 0xA00F4244, unaosema kwamba hakuna kamera iliyounganishwa, aikague swichi hiyo kabla ya kuamini ujumbe wenyewe.

Ukiona hakuna swichi, bonyeza Windows na X, kisha M, uingie orodha ya vifaa. Kamera yenye mshale mdogo unaoelekea chini imezimwa na mtu. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia na uiwashe. Yenye pembetatu ya manjano ina draiva yenye kasoro. Iondoe kwenye orodha, washa laptopu upya, na Windows itaiweka tena yenyewe. Ikikataa, ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, weka namba ya mashine iliyoandikwa chini yake, uchukue draiva ya modeli hiyo hasa. Naomba sana usitumie zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote kwa mbofyo mmoja. Zinaweza kukuwekea draiva ya modeli nyingine pamoja na matangazo usiyoyahitaji, na fundi akianza kusafisha hayo utalipa zaidi ya thamani ya kamera.

Laptopu za ex-UK zina mambo mawili ya pekee. Nyingi zilitoka kwenye ofisi, na msimamizi wa ofisi anaweza kuwa alizima kamera au maikrofoni ndani ya BIOS kwa sababu za usalama. Hakuna mpangilio wowote wa Windows utakaoirudisha. Washa laptopu huku ukibonyeza F1 kwenye ThinkPad, F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, utafute sehemu ya usalama au ya vifaa vya ndani, na uwashe kamera na maikrofoni. BIOS ikiwa na nywila ya ofisi ya zamani, rudi kwa muuzaji, kwa maana hilo ni jukumu lake. Jambo la pili ni toleo la Windows lenye herufi N mwishoni mwa jina lake, lililozaliwa baada ya uamuzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2004 dhidi ya Microsoft. Toleo hilo huja bila vipengele vya sauti na video, na programu ya kamera haifanyi kazi sawasawa hadi uongeze furushi la midia kupitia vipengele vya hiari vya Windows. Soma jina la toleo kwenye ukurasa wa maelezo ya mfumo. Ukiona Pro N, umepata chanzo.

Na zipo laptopu zilizotengenezwa bila kamera kwa agizo la mnunuzi wa kwanza. Fremu ya skrini haina lenzi. Yeyote anayenunua afungue kamera dukani, mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa.

Kamera inaonekana, ila picha haifai

Kosa 0xA00F4243 humaanisha kwamba programu nyingine imeishika kamera. Kwa kawaida ni kichupo cha Meet kilichosahaulika, au Teams iliyojifungua yenyewe laptopu ilipowashwa. Funga zote, ubaki na moja.

Picha ya kijivu, yenye nyuso zinazong'aa isivyo kawaida, hutokea kwenye laptopu zinazofunguka kwa kutambua uso. Hizo zina kamera mbili, moja ya rangi na moja ya miale isiyoonekana kwa macho, na programu imechagua ile ya pili. Badilisha kwenye orodha ya kamera.

Mistari ya kivuli inayopanda au kushuka kwenye picha chini ya taa za tyubu ina maelezo yake. Umeme wetu wa hezi 50 huzifanya taa hizo zipepese mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyopangwa kwa hezi 60 za Marekani haiendi sambamba nazo. Ndani ya programu ya kamera ya Windows, katika mipangilio ya video, kuna kipengele cha kupunguza kupepesa. Chagua hezi 50.

Uso ukiwa mweusi na dirisha nyuma yako likiwaka, geuka ulitazame dirisha, nuru ikuangukie usoni. Kamera nyingi za laptopu zina pikseli 1,280 kwa 720, chini ya milioni moja, na kihisi chake ni kidogo sana, hivyo kwenye giza huongeza nguvu na picha hujaa chembechembe. Taa ya mezani iliyowekwa nyuma ya skrini hubadilisha picha hiyo kuliko mpangilio wowote. Pangusa lenzi pia kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya kidole cha mtu anayefungua skrini huachwa pale pale.

Picha inayoganda wakati rekodi ya ndani ni nzuri ni suala la mtandao. Mazungumzo ya video ya watu wawili kwenye Zoom huhitaji takriban kilobiti 600 kwa sekunde kila upande, na picha ya kiwango cha 720 huhitaji takriban megabiti 1.2. Sauti pekee huridhika na chini ya kilobiti 100. Kwa hiyo mtandao ukidhoofika, zima kamera na uendelee kusema, huku ukimwomba anayetazama filamu chumba cha pili asubiri.

Mwenye MacBook asifunge skrini ikiwa na kifuniko kigumu juu ya kamera. Apple yenyewe imeonya kwamba nafasi iliyopo kati ya skrini na kibodi ni ndogo mno, na kwamba kifuniko kisizidi unene wa karatasi ya kuchapishia, yaani milimita 0.1. Skrini iliyopasuka ni ghali kuliko faragha uliyokusudia kuilinda, na taa ya kijani ya kamera yake imeundwa iwake kila kamera inapofanya kazi.

Fundi aitwe lini

Kamera inayokuja na kupotea unapoinua au kuteremsha skrini ina waya uliochoka kwenye bawaba, na hiyo ni kazi ya fundi. Vivyo hivyo spika inayokwaruza hata sauti ikiwa chini, na mashine iliyomwagikiwa chai. Kama kamera haionekani hata ndani ya BIOS ilhali fremu ina lenzi, moduli yake au waya wake umeharibika.

Kabla ya kukubali bei, uliza gharama ya maikrofoni au kamera ya nje ya USB, kwa sababu kuifungua skrini kwa ajili ya sehemu ndogo kunaweza kuzidi bei yake, na skrini nyembamba hupasuka kwa urahisi mikononi mwa mtu mwenye haraka. Ukiamua kuiacha, toka kwenye akaunti zako na unakili faili zako kwanza. Siku ya kuichukua, fungua kamera ukiwa dukani, inua na uteremshe skrini taratibu hadi mwisho, jirekodi na usikilize rekodi hiyo mbele ya fundi, kisha risiti iandikwe kifaa kilichobadilishwa na muda wa dhamana yake.